ULIZA WAKILI: Video inaonyesha amekubali, je kesi ndo ishakwisha?

Wasomaji wangu wa Malindi, Lamu na kokote mnakotusoma, salamu. Toleo lililopita nilikuwa najibu swali la bondi, nikagusia kwa mstari mmoja tu kwamba mtu anaweza kupinga maungamo yake yaliyorekodiwa na polisi. Mstari ule umeleta barua na meseji nyingi mno, na kuna zengine zinauma kuzisoma. Kwa hivyo leo ukurasa wote nimeuachia jambo hilo. Majina nimeyatoa, na mambo yanayoweza kumtambulisha mtu nimeyapunguza.

SWALI: Assalaam aleikum Bi Wakili. Mimi ni mama wa Langoni, Lamu. Mwanangu wa kiume ana miaka 22, kazi yake uvuvi na mara nyengine hubeba mizigo kwa maboti. Alichukuliwa nyumbani Jumatatu alfajiri hata hatujaswali, wakasema ni wizi wa mabavu ulotokea huko bara. Tulizunguka vituo kumtafuta, twaambiwa hayuko, hadi Alhamisi ndo tukamuona kotini. Sasa twaambiwa kuna video ya Jumatano usiku anakubali makosa yote, ameketi kwa kiti, hapigwi wala hafokewi, anaongea pole pole tu. Kando yake kuna mtu, wasema ni shahidi wake, mwanangu asema hamjui hata jina. Nimemuuliza kwanini ulikubali, akanambia "mama, nlikuwa nataka kulala". Jamaa zetu washaanza kusema mambo yaishe, maana mtu ashajisema kwa mdomo wake. Kesi itaanza kusikizwa mwezi ujao. Kuna la kupinga hapo kweli?

JIBU: Waaleikum salaam mama yangu. La kupinga liko, na liko kubwa, na hao jamaa waambie wanyamaze kwanza.

Hiyo video inaonyesha dakika chache za Jumatano usiku. Sheria inauliza pia mambo ya Jumatatu, Jumanne na Jumatano mchana, wakati kamera haijawashwa. Hilo ndilo nataka kila anayesoma hapa alishike kabla hatujaenda mbali, kwa sababu watu wakishaona video wanadhani swali pekee lililobaki ni kama sauti ni yake au si yake. Sauti yaweza kuwa yake, uso wake, maneno yake, na bado korti ikakataa kuiona.

Tuanze na Katiba ya 2010. Kifungu cha 49 kinasema aliyekamatwa aambiwe mara moja, kwa lugha anayoielewa, kwanini amekamatwa, na kwamba ana haki ya kunyamaza. Kinasema aruhusiwe kuwasiliana na wakili na watu wengine ambao msaada wao anauhitaji. Kinasema asilazimishwe kukiri jambo litakalotumiwa kumhukumu. Na kinasema afikishwe kortini ndani ya masaa 24, isipokuwa kama masaa hayo yanaishia wakati korti imefungwa, hapo inasubiriwa siku ya korti inayofuata. Mtu aliyechukuliwa Jumatatu alfajiri alitakiwa awe mbele ya hakimu Jumanne. Mwanao ameletwa Alhamisi, na hiyo video imetengenezwa Jumatano usiku, yaani ndani ya muda ambao hakutakiwa kabisa kuwa mikononi mwao bila amri ya korti. Kama hakuna kiapo walichopeleka kortini kuomba wamshikilie zaidi, hapo pana swali ambalo polisi lazima walijibu.

Halafu Sheria ya Ushahidi, ile Sura ya 80. Kifungu cha 26 kinakataa ungamo lililotokana na vitisho, ushawishi au ahadi kutoka kwa mwenye mamlaka, mfano "sema tu utaenda nyumbani" au "usiposema tutamchukua na mamako". Kifungu cha 25A kinafunga zaidi, ungamo halipokelewi isipokuwa limetolewa kortini mbele ya jaji au hakimu, au mbele ya afisa wa polisi wa cheo, si konstebo wala sajini, na afisa huyo asiwe ndiye anayepeleleza kesi yenyewe, na pawepo mtu wa tatu aliyechaguliwa na mshukiwa mwenyewe. Narudia, mama, aliyechaguliwa na mshukiwa mwenyewe! Yule bwana aliyekaa kando ya mwanao ambaye hata jina hamjui, nani alimchagua? Alitoka wapi saa hiyo ya usiku? Kama alitolewa dawati la pili au ni mtu wa kuitwa itwa pale stesheni, basi huyo si mtu wa tatu kisheria hata akiweka sahihi kumi.

Na kuna kanuni za mwaka 2009 zinazoeleza ungamo la nje ya korti linavyochukuliwa, hizi watu wengi hawazijui na ndizo zenye nguvu kwa kesi kama yenu. Zinamtaka afisa anayerekodi amuache mtu achague lugha, ampe mkalimani bure kama hajui Kiswahili wala Kiingereza, amwambie ana haki ya wakili, aandike alikamatwa siku gani saa ngapi na amekaa ndani muda gani, amruhusu azungumze na yule mtu wake wa tatu kabla ya kuonywa, na asimnyime chakula, maji wala usingizi. Usingizi umetajwa humo waziwazi. Tena zinasema afisa asirekodi ungamo la mtu anayelalamika ameteswa, au anayeonekana ana majeraha, amevimba, au amechoka kupita kiasi. Kwa hivyo mwanao aliposema alikuwa anataka kulala, wewe umesikia huzuni, mimi nimesikia pingamizi.

Sasa inafanyikaje. Kwanza, kabla kesi haijaanza, dai nakala. Kifungu cha 50 cha Katiba kinampa mshtakiwa haki ya kujua mapema ushahidi utakaotumika dhidi yake na kuupata, kwa hivyo wakili wenu aombe video nzima, si kipande walichokata, na maandishi yake, na cheti cha kifaa kilichorekodi ambacho kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinakitaka kwa ushahidi wa kielektroniki. Aombe pia nakala ya OB, kile kitabu cha matukio, na rejista ya mahabusu. Mtaona aliingizwa lini, alitolewa selo saa ngapi, akarudishwa saa ngapi. Mimi huwa naangalia OB kabla hata sijaangalia video, kwa sababu ukiona mtu katolewa selo saa nane usiku mara tatu, hiyo video nishaielewa.

Pili, pingamizi litolewe KABLA video haijachezwa. Prosikyuta akisimama tu kusema naomba kuonyesha rekodi, hapo hapo wakili au mwanao mwenyewe aseme napinga, sikusema kwa hiari yangu, na aseme sababu. Kama mtu hana wakili hakimu mzuri atamuuliza mwenyewe, na ni wajibu wake kuhakikisha ungamo ni la hiari hata kama hakuna aliyelalamika, lakini msikae mkitegemea kuulizwa. Ukinyamaza hadi video imeonekana, ushahidi umefungwa, ndo unasema ulilazimishwa, korti itakuuliza kwanini siku zote hizo hukusema. Hata mkienda rufaa mtaulizwa hilo hilo.

Pingamizi likishatolewa, hakimu anasimamisha kesi kubwa na kuanza ndogo, tunaiita kesi ndani ya kesi. Hapo swali ni moja tu, ungamo hili lilikuwa la hiari na limefuata sheria? Kama ni kweli au uongo halisikizwi hapo. Upande wa mashtaka unaleta afisa aliyerekodi, mtu wa tatu, mkalimani kama alikuwepo, na wakili wenu anawauliza maswali. Mzigo wote uko kwao, wathibitishe bila shaka yoyote ya maana kwamba kijana alisema kwa kupenda kwake, nyinyi hamna haja ya kuthibitisha kwamba aliteswa. Hilo ni la zamani katika sheria ya Afrika Mashariki na bado kila wiki namuona mtu kizimbani akijitahidi kama vile yeye ndiye mwenye mzigo. Kisha mwanao anaweza kuapa aeleze siku zile tatu, akahojiwa juu ya hizo tu, na wewe mama unaweza kuwa shahidi wake. Ulikwenda vituo gani? Saa ngapi? Nani alikujibu hayuko? Nani alikuwa nawe? Kaa leo na huyo uliyefuatana naye muandike kwenye daftari kabla hamjasahau, na kama ulipiga simu au kutuma meseji siku zile usizifute.

Jambo moja nakuomba sana. Mwanao aseme yaliyotokea tu. Kama hakupigwa, asiseme alipigwa. Nimeona mara nyingi mtu amenyimwa usingizi siku tatu, hiyo peke yake yatosha, lakini wenzake wa selo wanamshauri aongeze kipigo ili kesi ikae vizuri, daktari anakuja anasema hakuona alama yoyote, na uongo ule mdogo unaua ukweli mkubwa. Vile vile achague kauli moja. Kuna kusema "sikusema kabisa hayo maneno" na kuna kusema "niliyasema lakini nililazimishwa". Ni vitu viwili tofauti, na kwa kuwa kuna video, nadhani la pili ndilo lake. Kwenye kesi ya Tuwamoi dhidi ya Uganda ya mwaka 1967 Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilisema ungamo linalokanwa kwa njia yoyote kati ya hizo mbili lichukuliwe kwa tahadhari kubwa, na kwa kawaida korti itafute ushahidi mwengine wa kuliunga mkono, ingawa yaweza kulitegemea peke yake ikiridhika kabisa kwamba ni la kweli. Kwa hivyo hata hakimu akiipokea video, mnaendelea kupigana na uzito wake hadi mwisho.

Na wakili. Wizi wa mabavu chini ya kifungu cha 296(2) cha Kanuni ya Adhabu, adhabu iliyoandikwa ni kifo, kwa hivyo kesi hii si ya kwenda mikono mitupu. Kama hamna pesa, mwanao asimame amwambie hakimu anaomba wakili wa serikali, Katiba inasema apewe pale ambapo dhuluma kubwa yaweza kutokea akikosa, na kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 na taasisi yake ya kitaifa. Aombe na iandikwe kwenye faili kwamba ameomba. Mashirika ya haki za binadamu, MUHURI na Haki Africa kule Mombasa, pia yamezoea kesi za kina mama kama wewe, wapigieni.

SWALI: Niaje wakili. Mimi niko Muyeye hapa Malindi, naendesha boda. Mwezi uliopita niliitwa mwizi wa pikipiki, watu wakanizunguka wakaanza kunipiga na mawe na mbao, mmoja akatoa simu akawa ananirekodi huku wengine wanasema kubali kubali tukuwache, nikakubali, hata nikataja jamaa wawili ambao nilitaja tu kwa sababu walitaka majina. Polisi ndo waliniokoa. Sasa ile klipu iko kwenye magrupu yote ya WhatsApp na afande anasema hiyo ndo ushahidi wake mkubwa. Watu wakiona hiyo video si nimekwisha?

JIBU: Pole sana ndugu yangu, na kama hujaenda hospitali baada ya kipigo kile nenda leo.

Kortini hiyo klipu iko pabaya kuliko afande anavyofikiri. Rudia pale juu kifungu cha 25A, ungamo nje ya korti ni mbele ya afisa wa cheo na mtu uliyemchagua mwenyewe. Umati wa watu na mbao mkononi haumo kwenye orodha hiyo. Hata kama ungekuwa umekubali kwa sauti nzuri ukiwa umesimama wima, bado hawakuwa watu ambao sheria inawatambua kupokea ungamo. Na Katiba kifungu cha 50(4) inasema ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki za mtu utupwe nje kama kuupokea kutafanya kesi isiwe ya haki au kutachafua utoaji wa haki wenyewe, na uhuru wa kutoteswa ni katika zile haki ambazo kifungu cha 25 kinasema haziguswi kwa hali yoyote.

Halafu kuna mambo ya kifaa. Nani alirekodi? Simu yake iko wapi? Klipu iliyopita magrupu ishirini, ikakatwa, ikaongezwa maandishi, si kitu ile ile iliyotoka kwenye simu ya kwanza, na kifungu cha 78A kinaitaka korti iangalie kama rekodi imehifadhiwa bila kuchezewa na kama inajulikana imetoka kwa nani. Mwambie wakili wako apinge kwa pande zote, ungamo lenyewe na kifaa chenyewe, asichague moja.

Lakini wewe usiifute klipu hiyo. Ihifadhi, kwa sababu huo ni ushahidi wa kosa ulilotendewa WEWE. Sura za waliokupiga ziko humo. Na wale wawili uliowataja, mwambie wakili wako ukweli wote juu yao mapema, hata wao washaingizwa kwenye hatari kwa maneno uliyosema ukipigwa mawe.

SWALI: Bi Wakili mimi ni mfanyabiashara wa Malindi mjini, nimevunjiwa duka mara mbili. Sisi tunaoibiwa nani anatuandikia ukurasa? Zamani tulikuwa tunaambiwa polisi wanaandika wenyewe statement halafu mtu anaweka kidole. Sahii kuna video, mtu aonekana na macho anasema mimi nimefanya, bado mnataka kupinga. Mnawatetea wezi kwa pesa zao.

JIBU: Hasira yako naielewa kaka, kuvunjiwa duka ni kuvunjiwa maisha, na sitakwambia upunguze. Lakini nakuomba unisikize kwa sababu aliyekuvunjia duka akibaki nje na mwengine akafungwa kwa niaba yake, wewe ndo utavunjiwa mara ya tatu.

Mwaka 1989 kule New York mwanamke alishambuliwa na kubakwa alipokuwa akikimbia mazoezi kwenye bustani ya Central Park. Polisi wakakamata vijana, wakubwa na wadogo, wakawahoji masaa mengi, na wanne kati ya watano walioshtakiwa wakarekodiwa kwenye video wakieleza walivyoshiriki. Video safi kabisa, na sehemu nyengine wazazi wamekaa pale pale. Wote watano wakafungwa. Mwaka 2002 mfungwa mwengine, Matias Reyes, akajitokeza akasema alifanya peke yake, na DNA ikalingana na yake, hukumu za wale watano zikafutwa mwaka huo huo. Kilichorekodiwa kilikuwa ni mwisho wa mahojiano. Yale masaa ya kusukumwa, kudanganywa kwamba mwenzako ashakutaja, kuahidiwa utaenda nyumbani, hayakurekodiwa. Juri, wale wananchi wanaoamua kesi kule, waliona matunda bila kuona mti. Na miaka yote hiyo mbakaji mwenyewe hakuhukumiwa kwa kosa lile, na wanawake wengine waliendelea kuumizwa naye kabla hajakamatwa.

Hata mahali kamera ilipowekwa kuna maneno yake. Mwanasaikolojia Daniel Lassiter wa chuo cha Ohio kule Marekani alifanya majaribio kwa miaka mingi, akawaonyesha watu mahojiano yale yale yaliyopigwa kwa pembe tofauti. Kamera ikimuangalia mshukiwa peke yake, watazamaji huona kama anaongea kwa hiari yake zaidi kuliko ikiwaonyesha wote wawili, anayeuliza na anayeulizwa. Maneno hayajabadilika hata moja! New Zealand polisi wao wanapiga kwa upande ili wote waonekane. Sasa fikiria hizi video zetu, mtu anajaa skrini nzima, anayeuliza haonekani, wasikia sauti yake tu kutoka nyuma ya kamera, hata hujui mezani kuna nini au mlangoni kasimama nani. Ndo maana sikubali mtu aniambie video imemaliza kila kitu.

Na usidhani pingamizi linamfungulia mhalifu mlango. Kumbuka kesi ya wakili Willie Kimani, aliyeuawa Juni 2016 pamoja na mteja wake Josephat Mwenda na dereva wao Joseph Muiruri. Mmoja wa washtakiwa, raia aliyekuwa akiwapa polisi habari, alirekodi ungamo kisha akalikana. Pingamizi likasikizwa kwa kesi ndani ya kesi, Jaji Jessie Lesiit akalipima, akalipokea, na tarehe 22 Julai 2022 washtakiwa wanne kati ya watano, polisi watatu na huyo raia, wakapatikana na hatia. Hukumu ile haikusimama kwa ungamo peke yake, kulikuwa na ushahidi mwengine tele. Ungamo lililochukuliwa vizuri linapita kwenye pingamizi na linatoka likiwa na nguvu zaidi, mwenye kuliogopa pingamizi ni yule anayejua alivyolipata. Kwa hivyo ukitaka mwizi wako afungwe na abaki amefungwa hadi rufaa, wadai polisi wachukue alama za vidole dukani kwako, wafuatilie bidhaa zako zinauzwa wapi, wasikae wakisubiri mtu achoke aseme ndio.

SWALI: Mimi sikukiri chochote ila mwenzangu tulioshtakiwa pamoja kwenye rekodi yake amenitaja. Je, ungamo lake linanifunga mimi? (Mpeketoni)

JIBU: Linaweza kukugusa lakini halitoshi peke yake. Kifungu cha 32 cha Sheria ya Ushahidi kinaruhusu korti kulizingatia ungamo la mshtakiwa mmoja dhidi ya mwenzake wanapohukumiwa pamoja, kama linamgusa na yeye mwenyewe aliyelitoa. Ila mahakama zetu kwa miaka mingi zimelihesabu kuwa ushahidi dhaifu kabisa, wa kuongezea uzito tu pale ambapo pana ushahidi mwengine dhidi yako wa kusimama wenyewe. Kama hakuna chengine ila kutajwa, wakili wako aseme hivyo waziwazi mwisho wa ushahidi wa mashtaka, kwamba huna kesi ya kujibu. Na kama mwenzako analipinga ungamo lake, wakili wako akae macho kwenye ile kesi ndogo, likitupwa na wewe umepona nalo.

SWALI: Shikamoo Bi Wakili. Mdogo wangu alikubali kosa mbele ya hakimu siku ya kwanza, askari alimwambia njiani ukikubali utapigwa faini tu uende nyumbani. Akafungwa. Je tunaweza kutumia hiyo sheria ya kupinga ungamo? Twatoka Mambrui.

JIBU: Marahaba mwanangu. Hilo lenu ni jambo jengine kidogo. Kukubali shtaka mbele ya hakimu hakupingwi kwa kesi ndani ya kesi, lakini kuna masharti yake. Kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri ya 1973 ndiyo inayofuatwa hadi leo. Shtaka lisomwe na kuelezwa kila kipengele kwa lugha anayoielewa, jibu lake liandikwe kwa maneno yake mwenyewe kadiri iwezekanavyo, kisha prosikyuta aeleze mambo yalivyotokea, kisha mshtakiwa aulizwe kama mambo hayo ni kweli. Akikataa lolote au akaongeza jambo linaloonyesha pengine hana hatia, hakimu aandike amekana. Na kabla hajahukumiwa anaweza kubadilisha.

Kwa kuwa ashafungwa, nendeni korti mkachukue nakala ya mwenendo wa siku ile. Angalieni hayo niliyosema yaliandikwa au la, lugha gani ilitumika, alijibu nini hasa. Aliyekubali kosa kwa kawaida rufaa yake ni juu ya adhabu tu, lakini kama kukubali kwenyewe hakukuwa wazi, au hakuelewa, au alidanganywa, mahakama ya juu inaweza kuifuta hukumu. Na msikae, rufaa ni siku 14 tangu hukumu, zikipita mtaomba ruhusa ya kuchelewa na mtahitaji sababu nzuri.

SWALI: Kaka yangu yuko ndani sasa hivi, kesho ndo anapelekwa kotini mara ya kwanza, tumemuona dirishani uso umevimba, wanataka kumchukua statement leo jioni. Tufanye nini leo? (Meseji, hakusema anatoka wapi)

JIBU: Huyu nilimjibu kwa simu siku ile ile, naandika hapa kwa sababu wengine watakuja kuhitaji.

Nendeni stesheni wawili au watatu, si mmoja, ombeni kumuona OCS, mkuu wa kituo, mwambieni kwa adabu kwamba mtu wenu ameumia na mnataka apelekwe hospitali, na kwamba hatoi maelezo yoyote mpaka awe na wakili na mtu wake wa tatu. Ombeni iandikwe kwenye OB na mpewe namba. Wakikataa, mmoja wenu atume meseji hiyo hiyo kwa OCS ili saa ibaki kwenye simu. Mkipata nafasi ya kusema naye hata neno moja, mwambieni anyamaze, kunyamaza ni haki yake na hakuhesabiwi kuwa ni kukubali.

Kesho kortini, kabla shtaka halijasomwa au mara tu baada yake, ainue mkono amwambie hakimu ameumizwa, aonyeshe, aombe apelekwe kwa daktari na P3, ile fomu ya polisi ya majeraha, ijazwe. Aseme kwa sauti hadi hakimu aandike, kwa sababu kile kilichoandikwa kwenye faili siku ya kwanza ndicho wakili atakachokisoma kwenye kesi ndani ya kesi hata baada ya mwaka mzima. Kama yuko Lamu atapelekwa King Fahd, kama ni Malindi hospitali ya serikali ipo, hakuna kisingizio. Nyinyi nyumbani wekeni nguo alizokamatwa nazo kama mmerudishiwa, msizifue, na pelekeni malalamiko IPOA, ambayo iko kwa sheria ya 2011 kuchunguza polisi, huku kesi ikiendelea. Sheria ya Kuzuia Mateso ya 2017 imefanya kutesa mtu kuwa kosa la jinai kwa afisa mwenyewe, kwa hivyo andikeni majina ya maafisa mliowaona zamu ile au namba zao, na saa.